Maneno yalipomtoka: uchambuzi wa kisa cha hofu ya jukwaani

Kisa hiki kinamhusu mwigizaji Mwingereza wa jukwaa na filamu. Mwaka 1976, akiwa na miaka 44 na tuzo ambazo wenzake wengi waliziota tu, alisimama mbele ya watazamaji wa London na maneno yakamtoka kichwani. Alishuka jukwaani na hakurudi kwenye mchezo ule. Miaka 17 ilipita kabla hajarudi kwenye kazi ya jukwaa kwa nguvu zake za zamani, na alipokuja kurudi alifanya kazi iliyowashangaza hata waliomfahamu.

Nimeondoa jina lake, majina ya jamaa zake na ya wenzake wa usiku ule. Humu namwita Bwana M. Miaka, kumbi na taasisi nimeziacha, kwa sababu bila hizo mfuatano wa mambo haueleweki, na kwa sababu yeye mwenyewe alilisema jambo hili hadharani na kuliandika katika kumbukumbu za maisha yake. Mpenzi wa jukwaa la Uingereza atamtambua. Asiyemtambua hakosi kitu, kwani ninachotaka kukieleza ni jinsi mtu hodari anavyoanguka, na jinsi waliomzunguka wanavyoweza kumsaidia au kumwacha. Ninawaandikia hasa waongozaji na viongozi wa vikundi vya maigizo, maana wao ndio huwa karibu siku jambo kama hili linapotokea.

Usuli

Bwana M. alizaliwa Essex, mashariki ya London, mwaka 1931, kwa wazazi wenye asili ya Uskoti. Baba alikuwa daktari msimamizi wa hospitali ya magonjwa ya akili, mama alikuwa muuguzi. Kaka yake mkubwa alifariki kwa saratani wakati M. angali mvulana. Nayataja haya kwa kuwa ni sehemu ya historia yake, lakini siyatumii kueleza kilichompata ukubwani. Watu wanapenda kufukua utoto wa mtu kila anapoanguka. Katika kisa hiki chanzo cha karibu kimo ndani ya kazi yenyewe, na nitakionyesha.

Alijiunga na chuo cha uigizaji cha Royal Academy of Dramatic Art mwaka 1950. Masomo yakakatizwa na utumishi wa jeshi uliokuwa wa lazima kwa vijana wa Uingereza wakati huo, akapelekwa Austria, kisha akarudi na kumaliza mwaka 1953. Mwaka uliofuata akaingia Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare, kama askari wa kushika mkuki, mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya wakubwa bila neno la kusema.

Kutoka hapo alipanda polepole, na upandaji huo ni muhimu kwa uchambuzi wetu. Mwaka 1959 alikuwa mchekeshaji wa mfalme katika King Lear, akiigiza pembeni ya Charles Laughton aliyekuwa Lear. Mwongozaji Peter Hall alipochukua uongozi wa Stratford mwaka 1960 na kulijenga kundi lililokuja kuitwa Royal Shakespeare Company, M. alikuwa miongoni mwa waigizaji wa mwanzo kupewa mkataba wa muda mrefu. Utaratibu wa kundi lile ulikuwa kwamba mwigizaji anacheza nafasi kadhaa kwa zamu ndani ya msimu mmoja, leo mfalme, kesho mtumishi, na anafanya kazi na watu walewale mwaka baada ya mwaka. Mnajuana pumzi. Mwenzako akiteleza unajua kabla yake.

Ndani ya malezi hayo alikuja kuwa Richard wa Tatu mwaka 1963, na Henry wa Tano mwaka 1964, Uingereza ilipoadhimisha miaka 400 tangu kuzaliwa kwa Shakespeare. Alikuwa mtu mfupi. Badala ya kuificha hali hiyo akaitumia: mfalme wake alifanana na askari mwenye matope miguuni kuliko na sanamu ya shaba. Mwaka 1965 mwandishi wa michezo Harold Pinter alitoa mchezo mpya katika ukumbi wa Aldwych, makao ya kundi hilo jijini London, na M. akawa wa kwanza kuiigiza nafasi ya Lenny, kijana mwenye ulimi laini na ukatili uliojificha chini yake. Mchezo ulipopelekwa New York mwaka 1967, alipata tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya jukwaa Marekani. Kwa filamu ya mwaka 1968 akapata BAFTA, tuzo kubwa ya filamu Uingereza.

Kwa hiyo anayeanguka mwaka 1976 ni mtu mwenye miaka 22 ya jukwaa, aliyebeba wafalme wa Shakespeare na aliyezikabili kumbi kubwa za New York. Anayedhani hofu ya jukwaani ni ugonjwa wa wanagenzi aanze kwa kuliangalia hilo.

Nafasi aliyopewa

Mwaka 1976 alirudi katika kundi lililomlea, baada ya miaka kadhaa ya kazi mchanganyiko za filamu, televisheni na michezo michache ya jukwaa. Mchezo ulikuwa The Iceman Cometh, wa Mmarekani Eugene O'Neill, na ukumbi ulikuwa Aldwych ileile, wenye nafasi ya watazamaji zaidi ya 1,000. Nautaja mchezo kwa jina kwa sababu umbo lake ni sehemu ya kilichotokea.

Ni mchezo wa zaidi ya saa nne. Unatokea ndani ya baa ya walevi jijini New York mwaka 1912. Walevi hao wanamngoja mchuuzi mmoja, Hickey, ambaye kila mwaka huja kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenye baa na kuwanunulia wote vinywaji. Wanamzungumzia, wanamsifu, wanacheka vichekesho vyake kabla hajafika. Hickey haingii mpaka sehemu ya kwanza inakaribia kwisha. Anapoingia si yule waliyemzoea: ameacha pombe, na amekuja kuwaondolea njozi zao. Katika sehemu ya mwisho anatoa maungamo marefu mno, kurasa kwa kurasa, ambayo ndani yake inajulikana kuwa amemuua mke wake.

Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa Bwana M. Mwongozaji yeyote anayesoma hapa asimame kidogo aitafakari. Mwigizaji yuko nyuma ya pazia, amevaa tayari, anasikiliza watu zaidi ya kumi wakimjenga mbele ya watazamaji kwa muda mrefu. Kila sifa inayotajwa ni deni atakalolilipa akitokea. Wenzake wameshaingia ndani ya mchezo, damu imewachemka, wameshasikia watazamaji wa usiku huo wako vipi. Yeye anaingia mkavu, na anaingia akiwa ndiye aliyengojwa.

Kisha kuna yale maungamo. Katika mazungumzo ya kawaida, maneno yako yanaletwa na maneno ya mwenzako. Anasema hili, ulimi wako unajibu lile, karibu bila kufikiri. Katika hotuba ndefu hakuna wa kukuletea. Wenzako wameinamia meza, wengine wamelewa, nawe uko peke yako. Na O'Neill katika mchezo huu anarudia. Wazo lilelile linarudi kwa maneno yanayokaribiana mara nyingi, kwa makusudi, kama walevi wanavyorudia. Kwa anayekariri, huo ni mtego: ukifika kwenye sentensi iliyofanana na ya kurasa tatu nyuma, kumbukumbu inaweza kuruka mbele au kukurudisha ulikotoka, na ukishajiuliza uko wapi tayari umekwisha kutoka ndani ya mhusika.

Kilichotokea

Mchezo ulikuwa katika maonyesho ya majaribio. Katika jukwaa la Uingereza hayo ni maonyesho ya jioni kadhaa yanayotangulia usiku wa ufunguzi. Watu wanalipa na kuingia, lakini wahakiki bado hawajaalikwa, na kundi bado linarekebisha mambo. Mchana mnafanya mazoezi ya marekebisho, usiku mnacheza. Ni kipindi cha uchovu mkubwa. Marekebisho ya mchana hayajakaa vizuri kichwani, na usiku unaweza kujikuta una matoleo mawili ya tendo moja yanayogombana.

Katika mojawapo ya maonyesho hayo umakini wa Bwana M. ulikatika. Baadaye alieleza kwamba akili ilijifunga, kama milango ya gereza inayobamizwa mmoja baada ya mwingine. Alishindwa kuendelea, akaondoka jukwaani, na akakutwa chumbani kwake cha kuvalia akiwa amejikunja.

Wengi wakisikia kisa hiki husema "alisahau maneno". Waigizaji wote husahau maneno. Hutokea kila wiki mahali fulani: unaruka mstari, mwenzako anakufuata, mnarudi njiani, na mtazamaji hajui kitu. Kilichompata M. kilikuwa cha aina nyingine. Kusahau neno ni jambo la kumbukumbu. Hili lilikuwa jambo la mwili mzima: moyo, pumzi, miguu, macho, vyote vinaamua kwa pamoja kwamba mahali hapa ni pa hatari na vinakutoa. Mkumbushaji akikunong'onezea neno ulilolisahau atakusaidia kwa lile la kwanza. Kwa hili la pili, unaweza kulisikia neno, ukalielewa, na bado usiweze kulitamka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumtoa kabisa kwenye mchezo. Mwigizaji mwingine alichukua nafasi na mchezo ukafunguliwa. Kwa upande wa kundi njia zilikuwa chache. Nafasi ya Hickey haipunguzwi, kwa kuwa ukiyakata maungamo umeukata mchezo. Kuahirisha ufunguzi kwa kumngoja mtu apone, bila kujua atapona lini, kungewaweka rehani waigizaji wengine wote na tiketi zilizokwisha kuuzwa.

Kwa upande wake M., kutorudi kulikuwa uamuzi wa busara, ingawa wakati huo ulionekana ni kushindwa. Angelirudi usiku wa pili au wa tatu angekuwa na mawili ya kukariri: maneno ya Hickey, na hofu ya usiku uliopita. Kila hatua ya kuelekea jukwaani ingemkumbusha.

Uamuzi wa pili ndio ninaoupenda zaidi. Hakukaa nyumbani. Alihamishia ufundi wake mahali ambapo mlango ule wa hofu haukuwepo. Ndani ya miaka miwili mitatu alionekana katika televisheni na filamu mfululizo. Mwaka 1978 aliigiza BBC maisha ya J.M. Barrie, mwandishi wa Peter Pan, kazi ambayo watu wengi huihesabu kati ya bora za televisheni ya Uingereza ya kipindi kile. Mwaka 1979 alikuwa ofisa wa sayansi katika filamu ya kutisha ya anga za mbali, mtu mtulivu asiyepepesa macho, ambaye baadaye inagundulika si binadamu bali ni roboti. Mwaka 1981 aliigiza kocha wa mbio katika filamu ya Kiingereza kuhusu Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924.

Hiyo ya kocha inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwanafunzi wake anakimbia fainali, lakini yeye hayumo uwanjani. Yuko peke yake chumbani hotelini. Anajua matokeo kwa kuiona bendera ya Uingereza ikipandishwa na kuusikia wimbo wa taifa. Hana wa kuongea naye. Anakaa kitandani, na ghafla anaipiga ngumi kofia yake ya majani mpaka mkono unatokeza upande wa pili. Tendo zima halina hotuba. Mtu aliyeangushwa na hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kupewa akapata sifa ya dunia kwa tendo la kimya ndani ya chumba kitupu: aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, akashinda BAFTA, na akatuzwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa.

Katika kamera unajifunza maneno ya siku hiyo tu. Ukikosea mnarudia. Tendo ni la dakika chache na mtazamaji hayupo. Redio ni salama zaidi: mwaka huohuo wa 1981 alikuwa mhusika mkuu katika masimulizi ya BBC ya hadithi ya J.R.R. Tolkien, vipindi 26, na katika redio mwigizaji anashika karatasi mkononi. Alichokikwepa ni kitu kimoja mahususi, yaani kukariri mambo marefu na kuyatoa mbele ya watu bila nafasi ya kurudia. Kila kitu kingine cha ufundi wake alikiendeleza na kukikuza.

Kurudi

Kulikuwa na jaribio la kurudi mapema. Mwaka 1979 alicheza Uncle Vanya ya Chekhov katika ukumbi wa Hampstead, ukumbi mdogo sana, karibu na watazamaji. Kwa namna nyingi ulikuwa uchaguzi mzuri: nafasi iliyojaa mazungumzo, wenzake wengi jukwaani, watu wachache wa kuwakabili. Lakini baada yake jukwaa likanyamaza tena kwa miaka 14, huku filamu zikimwita moja baada ya nyingine.

Kurudi kwenyewe kulikuja mwaka 1993, na kulikuja kwa mkono wa Pinter. Mchezo mpya wake, Moonlight, ulifunguliwa katika ukumbi wa Almeida, kaskazini ya London, wenye viti kama 300. Nafasi ya M. ilikuwa ya mzee anayekufa. Mzee huyo yuko kitandani, mke wake ameketi karibu naye. Mchezo hauzidi dakika 90. Mwandishi ni yuleyule aliyempa Lenny mwaka 1965, ambaye mapigo ya sentensi zake M. aliyajua tangu ujana.

Linganisha nafasi hii na ya Hickey. Kule ulikuwa ukumbi mkubwa, huku mdogo. Kule mtu anaingia baada ya kungojwa, huku yumo tangu mwanzo. Kule amesimama peke yake akihutubia, huku amelala, mwili umeshikwa na kitanda, mwenzake yuko hatua moja kutoka kwake. Kule ni maneno mageni ya Kimarekani yanayojirudia kwa saa nne, huku ni lugha ya mwandishi anayemfahamu, kwa muda mfupi. Hata kama hakuna aliyeupanga mchezo huu kama tiba, mtu anayetaka kupanga tiba asingepata bora zaidi. M. alipata tuzo ya mwigizaji bora ya gazeti la Evening Standard kwa kazi hiyo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1997, akiwa na miaka 65, alikubali King Lear katika National Theatre, jukwaa la taifa la Uingereza, chini ya mwongozaji Richard Eyre. Lear ni mlima. Hata hapo, chumba kilichochaguliwa kilikuwa Cottesloe, mdogo kuliko zote katika kumbi tatu za taasisi ile. Katika tendo la tufani alivua nguo zote. Yule aliyewahi kukimbia macho ya watu sasa alisimama mbele yao bila uzi mwilini, na waliokuwa wamekaa mbele wangeweza karibu kumgusa. Mwaka 1998 alipata tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya jukwaa la London, ya mwigizaji bora, na mwaka huohuo Malkia akamtunuku hadhi ya Sir.

Matokeo

Miaka ya mwisho ilikuwa ya mavuno. Aliigiza mhusika mkuu wa filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1997, akiwa na miaka zaidi ya 60. Mwaka 2001 alirudi kwenye hadithi ya Tolkien, safari hii katika filamu na kama mzee. Mwaka huohuo akarudi katika ule mchezo wa Pinter wa mwaka 1965, Dublin, New York na London, sasa akiwa baba badala ya mwana. Alifariki mwaka 2020, akiwa na miaka 88, baada ya kuugua ugonjwa wa Parkinson.

Uchambuzi

Nianze na hasara, kwa sababu kisa kinapoishia kwenye tuzo watu huisahau. Kati ya miaka 44 na 61 mwigizaji wa Shakespeare hukutana na Macbeth, Othello, Antony, Leontes na Prospero. M. alikuwa miongoni mwa waliokuwa tayari kuliko wengi wa kizazi chake, na hakuna aliyemwona jukwaani katika nafasi hizo ndani ya kipindi hicho. Filamu zilimpa jina na riziki, na nyingi ni kazi nzuri, lakini kwa muda mrefu zilimpa nafasi za pembeni. Kwa mtazamo wangu kamera haikulilipa deni hilo. Watazamaji wa jukwaa walipoteza kitu ambacho hakirudi, kwani mchezo wa jukwaa usiochezwa haupo popote.

Je, hasara hiyo ingeweza kupunguzwa? Nadhani ndiyo, na wenzake wanatupa vipimo. Laurence Olivier alishikwa na hofu hiyohiyo mwaka 1964, akiwa ndiye kiongozi wa National Theatre na mwigizaji mwenye jina kubwa kuliko wote Uingereza. Ilimtesa miaka kama mitano. Yeye hakuondoka, alibadilisha mazingira. Akicheza Othello alimwomba mwenzake aliyekuwa Iago asitoke machoni pake, asimame pembeni ambako angeweza kumwona. Alipocheza Shylock katika mchezo ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kama Mabepari wa Venisi, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere, aliwaomba wenzake wasimtazame usoni. Ni maombi ya unyenyekevu, tena kutoka kwa bosi, na yalimvusha. Derek Jacobi alikwama akiwa katika Hamlet, akakaa nje ya jukwaa kama miaka miwili, kisha akaalikwa na Royal Shakespeare Company na akarudi. Daniel Day-Lewis aliondoka katikati ya Hamlet mwaka 1989, National Theatre, na hajarudi jukwaani.

Ukiviweka visa hivi pamoja na cha M., kinachotenganisha wanaorudi haraka na wanaochelewa hakionekani kuwa ushujaa wala kipaji. Kinachojirudia ni kama kuna mtu aliyefungua njia ya kati. Olivier aliifungua mwenyewe kwa kuwa alikuwa na mamlaka ya kuwaomba wenzake chochote. Jacobi alifunguliwa na mwaliko. M. alifunguliwa na Pinter, lakini mwaka 1993. Kabla ya hapo, nikiitoa ile hatua moja ya Hampstead, njia zilikuwa mbili tu: jukwaa zima pamoja na uzito wake wote, au hapana kabisa.

Hampstead ndiyo nafasi iliyopotea. Mwaka 1979 mwili wake ulikuwa umekubali kusimama mbele ya watu tena. Hapo ndipo mtu anahitaji mchezo wa pili mdogo, ndani ya miezi michache, kabla ushahidi huo haujapoa. Badala yake filamu zilikuwa zinalipa, zilikuwa salama na zilikuwa nzuri. Simlaumu yeye. Usalama unaokuja pamoja na sifa ni mgumu kuukataa, na kila mwaka unaopita unaukuza mlango uliofungwa. Lakini rafiki au mwongozaji aliye karibu na mtu wa namna hii anapaswa kujua kwamba kimya cha baada ya jaribio la kwanza lililofaulu ni hatari zaidi kuliko kimya cha kabla yake.

Kilichofanya kazi ni pamoja na kasi ya kuondoka. Hakulazimishwa kuthibitisha uanaume wake mbele ya watazamaji usiku wa pili. Kilichofanya kazi pia ni kwamba hakujiona ameishiwa. Alitofautisha kati ya hofu na ufundi, akaipa hofu nafasi moja na kuinyima nyingine zote. Na alipofika umri wa kuzungumza, alizungumza. Alilieleza tukio bila kulipamba. Katika taaluma ambayo watu huogopa hata kulitaja jambo hili chumba cha kuvalia, wasije wakaliambukiza, huo ni mchango kwa walio nyuma yake.

Kuna jambo la upangaji ambalo halihusu moyo wa mtu hata kidogo. Anayeiweka nafasi kama ya Hickey mikononi mwa mwigizaji aliyekuwa akifanya zaidi filamu kwa miaka ya karibuni anapaswa kuhesabu siku za mazoezi kwa ajili ya hotuba peke yake. Siyo kwa kuisoma mezani, bali kwa kuitoa yote, amesimama, mbele ya watu wachache wageni, mara nyingi, kabla ya usiku wa kwanza wa majaribio. Na katika kipindi cha majaribio, sehemu ya mwigizaji huyo isiguswe mchana. Kama kuna mabadiliko ya lazima, yasubiri siku isiyo na onyesho.

Jambo jingine ni mwigizaji wa akiba. Katika vikundi vingi vidogo hayupo, au yupo kwenye karatasi tu, hajawahi kukanyaga jukwaa na mavazi. Watu huliona hilo kama hatari kwa mchezo. Mimi naliona zaidi kama hatari kwa mwigizaji mkuu. Anayejua kwamba akiteleza usiku umekwisha kwa kila mtu amebeba uzito usio wake. Akijua kuna mwenzake aliyekwisha kuifanya nafasi yote mara moja, alasiri moja, mbele ya kundi, sehemu ya uzito huo inamtoka hata kama mwenzake huyo hatahitajika kamwe.

Na siku ikitokea, mtu wa kwanza kuingia chumba cha kuvalia asiwe mwenye kuuliza kama kesho ataweza. Swali hilo lina wakati wake, na wakati wake si usiku huo. Aingie mtu aliyefanya naye kazi miaka, aketi, amletee maji, na amwambie kwamba pazia limeshughulikiwa. Mazungumzo ya mchezo yaje baada ya usingizi, yakiwa na njia zaidi ya mbili mezani: kupumzika, kubadilishana nafasi na mwenzake, kucheza nafasi ndogo katika mchezo uleule, au kuondoka akiwa na tarehe ya kukaa tena kuzungumza kuhusu chumba kidogo na mchezo mfupi.